Sarafu ya Mama Karatasi

Mke wangu alikaa mlangoni mwa choo cha kulipia cha stendi miaka ishirini na mitatu. Alikuwa na kiti cha plastiki, meza ndogo, kopo la sarafu, na karatasi za chooni alizozikata asubuhi na kuzikunja vipande vipande. Ndiyo maana stendi nzima ilimwita Mama Karatasi. Jina lake la kuzaliwa nililitumia mimi peke yangu, na hata mimi si mara nyingi.

Nyumbani tulikuwa watu wa maneno machache. Pale mlangoni ulimi wake ulikuwa na makali.

"Mama, haja ndogo bei gani?" wabeba mizigo walimchokoza.

"Bei moja. Mimi mlinzi, sio mpimaji."

"Basi nikopeshe, nitalipa nikitoka."

"Ukitoka hutakuwa na shida na mimi tena. Lipa sasa, tungali tunahitajiana."

Niliyasikia hayo nikimpelekea chakula cha mchana. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya stendi. Kazi yangu ilikuwa kung'arisha vyuma, hasa shaba: vitasa, mabomba, sahani za mizani. Unaanza na msasa mkali, unakuja na msasa laini, unamalizia kwenye gurudumu la kitambaa linalozungushwa na mota, umelipaka nta. Sikusoma. Lakini nipe kitasa kilichoota ukungu wa kijani, jioni utayaona meno yako ndani yake.

Siku moja mteja alimlipa sarafu yenye kasoro, akapita. Jioni msimamizi alipokuja kuchukua mapato aliitupa mezani. "Hii bandia. Itakatwa kwako." Mke wangu akaja nayo nyumbani. Ilikuwa sarafu kama hizi zetu zote za siku hizi, ila picha ilikuwa imegongwa pembeni. Ndege alikuwa na mkia na bawa moja, kichwa hana. Upande wa pili palikuwa patupu, pamejikunja kama ukucha.

"Itupe," nilimwambia.

"Nani hana kasoro? Wewe mwenyewe sikio moja limeliwa na mota, mbona sijakutupa?"

Akaiweka kwenye kopo la vifungo. Mara mojamoja aliitoa akaitazama, akacheka peke yake. Miaka ikapita, ikawa nyeusi.

Mwaka jana moyo ukaanza kumchosha. Akitembea hatua kumi anasimama, anajifanya anaangalia kitu dukani. Daktari alisema ndani ya moyo kuna mlango haufungi vizuri, inabidi apasuliwe, tena kwenye hospitali kubwa. Alipotaja gharama, mke wangu alishukuru, akachukua mkoba wake, akasimama. Njia nzima hatukuzungumza. Ningesema nini? Mkono mtupu haulambwi.

Jumamosi moja nilikuwa natafuta kifungo, nikaiona ile sarafu. Nyeusi kama masizi. Nikasema moyoni, hili naliweza. Nikaipeleka karakana bila kumwambia. Nilianza na msasa laini kwa mkono, maana kitu kidogo gurudumu hukitupa. Kisha nikaishika kwa koleo niliyoizungushia kitambaa, nikaipeleka kwenye gurudumu polepole. Manyoya ya ndege yalififia kidogo. Niliona. Nikajiambia, si kitu, mradi ing'ae.

Jioni nikamwekea kiganjani. Aliitazama muda mrefu. Akaigeuza. Macho yake yakajaa maji, nikadhani ni furaha.

"Umefanya wewe?"

"Nani mwingine?"

"Mikono yako haijazeeka, mzee," alisema. Akaifumbata.

Alifariki wiki ya sita baada ya hapo, saa nne asubuhi, kwenye kiti chake pale mlangoni, karatasi zikiwa mapajani. Aliyemwona kwanza alidhani amesinzia, akaweka sarafu yake koponi akaingia.

Juzi alikuja mgeni nyumbani. Mtu wa umri wangu, shati limepigwa pasi, mkoba wa ngozi. Alisema zamani alikuwa karani wa benki, na kwamba kila alipopita stendi alikuwa mteja wa marehemu. Binti yetu akamwekea chai. Akatoa pole vizuri tu, halafu akakaa anaigeuzageuza sahani ya kikombe.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kuna jambo limenikaa kooni. Ile sarafu."

"Sarafu gani?"

"Ya ndege asiye na kichwa. Mimi nakusanya sarafu. Kuna hizi zilizokosewa kiwandani zikaponyoka bila kuonekana. Sio za kale, ni hizihizi za juzi. Zinauzwa mnadani, na matajiri wanazigombania. Siku moja nilimkuta marehemu anahema sana, nikamwuliza, akanieleza habari ya moyo. Tukiwa tunaongea ndipo akaitaja sarafu yake. Nikamwambia, mama, kama ni kweli, hiyo ni gharama ya upasuaji wako na chenji inabaki. Niletee Jumatatu. Ila usiioshe, usiisugue. Wanunuzi wanaitaka kama ilivyo, na weusi wake wote."

Katika maisha yangu sijawahi kusikia kosa likinadiwa. Nikamwuliza, "Ulimwambia siku gani?"

"Ijumaa."

Mimi niliichukua Jumamosi.

"Mbona hakuniambia?"

"Alitaka uhakika kwanza. Alisema, mume wangu akitumaini kitu, usiku halali."

Ni kweli. Silali.

"Jumatatu akaileta," karani akaendelea. "Inawaka kama kioo! Nikachukua lenzi, nikaona alama zimelika zote. Haina bei tena. Nikamwuliza, nani kafanya uharibifu huu? Akasema ni yeye, ameisugua na jivu. Nikamgombeza, mzee. Mbele za watu wa foleni. Nikamwita mjinga. Na mdomo ule wote aliokuwa nao, alisema tu, 'Nisamehe, kaka.' Sikujua kama zimebaki wiki chache. Nimekuja kuomba radhi."

Jivu. Jivu halitoi mng'ao ule. Mtu yeyote wa karakana angemwambia.

"Niliyeing'arisha ni mimi," nilisema.

"Wewe?"

"Kwa gurudumu. Yeye hakuigusa."

Karani aliweka kikombe chini. Akasema mnada wenyewe huchukua miezi, pengine fedha zisingewahi. Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Sikumwuliza. Alipoaga alinishika mkono kwa mikono yote miwili, kama vile msiba umeanza upya.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Baba, hukujua," alisema. Akalirudia. Ni kweli sikujua. Lakini miaka arobaini na moja chini ya paa moja, nilishindwa kumwuliza: hii naweza kuisafisha? Naye alishindwa kuniambia Ijumaa ile. Tulibania maneno, tukadhani ndiyo kustahiana.

Tangu juzi naiwaza ile Jumatatu. Asubuhi nilimwona akiifunga sarafu kwenye leso. Jioni alirudi mapema, akakaa, akavua viatu kimoja kimoja. Nikamwuliza kama amewaonyesha watu wa stendi.

"Nimewaonyesha."

"Wamesemaje?"

"Wameisifu kazi yako."

Nilifurahi. Siku ile nilikula nikamaliza sahani, nikamwomba aniongeze, naye akainuka, akashika ukuta kidogo, akaniongeza.