Vidonge Viwili Kwenye Njia ya Kyela

Habari ilinifikia nyumbani, mtaa wa Bagamoyo mjini Tukuyu, baada ya sala ya alfajiri: mdogo wangu Saidi amefariki Kyela, maziko ni baada ya adhuhuri. Nilitaka kumwosha kwa mikono yangu. Baba yetu alipokufa ni Saidi aliyemwosha. Mimi nilikuwa mbali.

Saa mbili asubuhi nilipata nafasi ya mbele kwenye lori la ushirika lililokuwa likishuka kuchukua mpunga. Dereva, mzee Ambakisye, Mnyakyusa wa Ibighi, tumezoeana miaka mingi. Mkono mmoja ulishika usukani, mwingine ulikuna shingo.

“Ni kama nimelala na viwavi, Shehe,” alisema. “Hata mke wangu amenikimbia.”

Mwendo wa nusu saa, tukasimama kwenye zahanati ya kijiji cha Ujamaa. Ambakisye alichungulia dirishani, akarudi upesi. Muuguzi wa zamu alikuwa mke wa mwanawe, na kwa wazee wa Kinyakyusa mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemezani. Basi nikaingia mimi, nikaeleza mwasho wa mkwewe. Binti akanifungia vidonge kwenye karatasi.

“Viwili, Shehe. Anywe akishafika Kyela, si kabla.”

Nikaitikia, lakini akili yangu ilikuwa kwenye sanda. Nilipofika kwenye lori nikasema tu, “Viwili.” Akavimeza palepale kwa chai ya chupa.

Injini ilikuwa imeshawaka binti, aliyemwona dirishani akimeza, alipotoka mbio, akasimama mbele ya lori, akamtazama mkwewe usoni. Wanawake waliokuwa barazani na watoto wao walishika midomo.

“Baba, zima gari! Dawa hiyo inaleta usingizi. Mteremko ule utakuua wewe na mgeni wako!”

Ambakisye aliinamisha uso kwenye usukani. “Shehe, mwambie naendesha tangu enzi za Mwingereza. Vidonge kama punje za ulezi ndivyo vitanilaza?”

Ningesema twende, angekwenda, kwa kunihurumia. Nikamgeukia.

“Zima, ndugu yangu. Kosa ni langu. Aliniambia, sikukufikishia.”

Kabla ya saa nne alikuwa akikoroma barazani, nzi wakimtembelea usoni asijue. Gari jingine la kushuka halikupita; niliketi karibu naye nikisoma Yasini. Jua lilipopita utosini nilijua Saidi ameshaoshwa na wengine.

Kyela tulifika jua likielekea kuzama, dereva akiwa macho makavu.

“Tulikusubiri, baba mkubwa,” alisema mtoto wa marehemu. “Lakini joto la huku unalijua.”

Kaburi lilikuwa bado bichi. Nikamwombea nikiwa nimesimama peke yangu.

Siku ya tatu, tukipanda kurudi, Ambakisye alishuka pale zahanati na mfuko wa mchele. Aliuweka kizingitini, akaugeuzia mlango mgongo, akapaza sauti:

“We mlango, mwambie mkamwana wangu aibu ya juzi naibeba mimi. Na mchele huu ungepikwa kwenye matanga yangu. Apike, ale!”

Ndani tulisikia kicheko kikizibwa kwa kiganja.

Dawa ni rehema ya Mungu, lakini anayoinywa dereva huwa wameinywa wote waliomo garini. Hilo nililijua nikiwa na mvi tayari. Sikumwosha mdogo wangu, na bado namwomba radhi katika dua. Namshukuru Mola kwamba siku ile hapakuwa na maiti wengine wa kuoshwa.