Injinia Atarudi Salale Kufanya Nini?

Juzi kazini fundi mmoja aliangusha debe tupu, nami nikashtuka kama mtoto aliyesinzia zamuni. Kwa wenzangu ulikuwa mlio tu. Mimi ulinirudisha Salale, kijijini kwetu deltani, kwenye harufu ya tope la mikoko maji yakipwa, nikiwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti tulichokaa kuamia ndege wasimalize mpunga.

Mama alikaa dungu lake upande mmoja wa shamba, mimi langu upande wa pili. Baba alikuwa ameshafariki, na ndugu sina. Nilikuwa mpweke, nisiwadanganye, na upweke ukanitia udadisi. Nilifunga makopo kwenye kamba ndefu. Nikivuta taratibu, ya mwisho hayalii. Nikivuta kwa ghafla, yanalia yote. Kamba ikilowa umande, yanagoma. Kwa nini? Niliwauliza kwelea. Wao walikuwa wanakula.

Sekondari nikaambiwa maswali yale yana jina, fizikia. Kijijini wakasikia nasoma mambo ya mitambo, basi kila likizo nikawa napokewa na redio mbovu za majirani. Nilizifungua kwa mbwembwe, nikazifunga zikiwa bubu vilevile.

Nilipofaulu kidato cha sita ikabidi niende Kibiti kuomba chuo, maana kwetu mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Asubuhi ya safari mama alikuwa anapepeta mchele.

"Mwanangu, si usome uuguzi? Au hata ualimu?"

"Nataka uhandisi wa umeme, mama."

Ungo ukatulia. "Muuguzi ana kazi hospitali ya Mchukwi. Mwalimu ana kazi hapa hapa. Injinia atarudi Salale kufanya nini?"

Kwa jeuri ya aliyefaulu nikamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Haya, inama," akasema. "Lakini ukishakipata, inuka uje."

Kibiti, kijana wa steshenari aliniuliza naomba kozi gani. Niligeuka nyuma, kana kwamba yupo wa kushauriana naye. Nyuma kulikuwa na mlango na barabara. Nikasema uhandisi wa umeme, kwa sauti ndogo mpaka akaniuliza tena. Machozi yakanilenga, nikasingizia vumbi.

Miaka mingi niliamini mama aliidharau fizikia. Niliumia, na nyumbani nikawa naenda kwa nadra. Leo nahudumia mitambo ya umeme mbali sana na delta, kazi ninayoipenda kweli, na jioni napika chakula cha mtu mmoja. Ndiyo kwanza nimeelewa kwamba mama hakuwa na ugomvi na kozi yoyote. Alikuwa anatafuta katika kozi zote ile yenye njia ya kunirudisha, na hakuthubutu kuniomba waziwazi nisimwache.

Hunipigia simu kila Ijumaa. Hanilaumu. Hunisalimia, kisha huuliza kwa upole, kama anayezungumza na mgeni, "Na huko kwenu, mvua zimeanza?"