Siku Tuliyomzika Mama Kihambani

Mwanangu, siku tuliyomzika mama yangu naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Ilikuwa miaka ile bei ya kahawa ilipoanguka, watu wa Machame wakaanza kung'oa mibuni na kupanda nyanya, na kila siku ya soko pale Kwa Sadala hukosi mhubiri mpya na vipaza sauti vyake.

Kaka yangu mkubwa, Elirehema, aliokoka kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo. Usimcheke. Alikuwa mlevi wa kupindukia, akaacha pombe, na mkewe akapata kulala usingizi. Tulimshukuru Mungu, na mpaka leo namshukuru.

Asubuhi ya mazishi, vijana wa ukoo walikuwa wamechimba kaburi hadi kiunoni, kihambani kwetu, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, ubavuni mwa baba. Kaka akafika kutoka Shirimatunda, kule mjini alikokuwa akiishi, akasimama ukingoni.

"Tokeni humo," akasema. "Mama atazikwa makaburi ya mjini. Kuzikana kihambani ni kuabudu mizimu. Nionyesheni palipoandikwa!"

Neno la mwana wa kwanza ni zito, mwanangu. Vijana wakatoka. Shangazi akaangua kilio, mjomba akaanza kukunja mikono ya shati. Mimi nikawaza mama amelala sandukuni huku watu wake wanapigana juu yake.

Ndipo akaja baba mdogo Anaeli, mdogo wake baba, mzee wa kanisa letu la Kilutheri. Hakupaza sauti.

"Umeuliza vizuri, Elirehema. Kuuliza si ujinga. Biblia unayo kwapani. Fungua Mwanzo, kule mwishoni, Yakobo anapokufa. Usome wewe, sisi tusikie."

Kaka akasoma jinsi Yakobo, akifa ugenini Misri, alivyowaagiza wanawe wamrudishe kwao, wamzike katika shamba alilonunua Ibrahimu, walikolala Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka. Alipofika pale mzee yule anaposema kwamba hata mkewe Lea alimzika huko huko, akaishusha Biblia.

"Baba yako amelala hapo," akasema baba mdogo taratibu. "Yakobo hakuomba aabudiwe. Aliomba alale na watu wake, akiingoja ahadi ya Mungu."

Kaka akajifuta macho. Lakini hakuwa amemaliza. Akanyoosha kidole kwenye kibuyu cha mbege, ile pombe yetu ya ndizi, ambacho shangazi alikiweka tayari kuwamwagia waliotangulia.

"Na hicho je, baba mdogo? Nacho kimeandikwa?"

Wote tukamtazama mzee. Angeweza kusema ni mila tu, nasi tungemwitikia.

"Hapana," akasema. "Hicho nimekitafuta sijakiona. Hapo umesema kweli, mwanangu. Dada, kirudishe ndani."

Shangazi alinung'unika kwa Kichagga hadi mlangoni, lakini alikirudisha. Kaka akavua koti, akashuka kaburini, akapokea sepetu. Alichimba mpaka mwisho, hakukubali kupokewa. Alasiri tukamlaza mama kwa nyimbo, na ukoo wetu haukugawanyika.

Sasa nisikilize. Uko mjini, na kila redio ina mhubiri wake. Mtu akikuuliza, "Hilo limeandikwa wapi?" usikasirike, maana hasira ni hasara. Wala usione haya. Tunabatiza, tunaumega mkate, tunawaombea wagonjwa kwa mafuta, tunapeleka malimbuko ya ndizi na maharage madhabahuni: hayo hayakuokotwa njiani. Fungua ukayatafute. Utakayoyakuta, yashike kwa mikono miwili, hata dunia nzima ikucheke. Usiyoyakuta, yapime kama alivyopima baba mdogo, na la kuachwa liache mbele za watu, bila kigugumizi. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza: anayeishika asili asijue ilikotoka, huyo naye hajawa huru.

Mungu wa Sara na Rebeka na Lea, aliye Mungu wa mama yangu pia, akupe macho ya kusoma na moyo wa kunyenyekea. Akuzidishie miaka, watoto wako wakuitikie kwa heshima, na popote utakapolala pawe pa amani. Amina, mwanangu.