Ndege ya Mheshimiwa na Bomba la Baba

Mheshimiwa alifika kwenye karakana yangu ya Katwe, Kampala, na magari matatu, ingawa yeye alikuwa mtu mmoja. La kwanza lilibeba walinzi, la pili lilimbeba yeye, la tatu nadhani lilibeba heshima yake. Alisimama kwenye matope, kati ya masufuria yaliyosubiri mishikio na mlango wa lori niliokuwa nikiunyoosha kwa nyundo, akauliza fundi yuko wapi.

"Ni mimi," nikasema.

Akachungulia nyuma yangu, pengine kuna mwanamume kajificha. Alipomkosa akakubali hasara.

"Wewe ni mtoto ya ule mzee alikuwa fundi ya ndege?"

"Ndiye baba yangu."

"Basi mimi nataka nyinyi mnatengeneza ndege yangu."

Nimeletewa mengi katika kazi hii: matangi ya maji, mageti, na mara moja kiti cha kinyozi. Ndege nilikuwa sijaletewa. Nikamwuliza imeharibika wapi. Akasema ilianguka kidogo.

Huko kuanguka kidogo kulikuwa hivi. Wakati wa vita vya mwaka wa sabini na tisa, ndege moja ya kivita iliruka asubuhi kutoka kituo alichofanyia kazi baba, na haikurudi. Ilitua kwa tumbo katika kinamasi upande wa Mpigi, mafunjo yakaifunika, ikakaa humo miaka arobaini na ushei. Sasa Mheshimiwa alikuwa anajenga hoteli Kamwokya, na aliona wenzake wenye hoteli wameweka simba wa saruji mlangoni. Simba wa saruji kila mtu anaye. Yeye akataka ndege. Akapata vibali, maana watu kama yeye hupata vibali kama sisi tunavyopata mafua, akaikokota kwa trekta na kuilaza nyuma ya hoteli chini ya turubai.

Sisi ni Wanubi. Babu wa babu yangu aliletwa Uganda na bunduki ya Mwingereza begani, na tangu hapo jeshi kwetu lilikuwa kama duka la ukoo: kila mtoto wa kiume alijua atasimama nyuma ya kaunta ile ile. Baba alisomeshwa ufundi wa ndege ng'ambo, akarudi na cheti na koti zito ambalo Kampala halina kazi. Vita vilipokwisha na upande wetu kushindwa, alikificha cheti, akaja Katwe, akawa mfua masufuria. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akitaja ndege. Ikipita juu yetu, Katwe nzima huinua kichwa. Yeye alitazama chini, kana kwamba ameangusha shilingi. Bombo, mji uliojaa ndugu zetu, alikuwa hakanyagi, si kwa harusi wala kwa msiba. Mimi nilidhani ni ubahili, maana harusi za Kinubi zina michango.

Nilipomweleza habari ya Mheshimiwa alifua masufuria siku tatu mfululizo. Siku ya nne akanyoa ndevu, akavaa ovaroli, akasema twende.

Turubai lilipofunuliwa nilitaka kucheka. Mheshimiwa alikuwa ameniahidi ndege. Nililoliona lilikuwa bomba kubwa lenye pua, limejaa udongo na mizizi. Mabawa hayakuwepo. Wanakijiji waliyakata zamani na kuyauza kwa uzani, na aluminiamu ya kuuzwa kwa uzani hufika Katwe kama maji yanavyofika ziwani. Inawezekana kabisa nililelewa kwa wali uliopikwa ndani ya bawa la kushoto.

Baba hakucheka. Alizunguka mara moja, akafuta udongo mkiani, akasoma namba. Kisha akapapasa tumbo la ndege, akakuta kijimlango kidogo. Akaketi pale pale kwenye matope.

"Hii nimeitengeneza mimi," akasema.

Ndipo nikasikia habari ambayo mama aliolewa nayo akafa nayo bila kuijua. Bomba la mafuta la ndege ile lilikuwa limepasuka. Spea hazikuwepo. Mkubwa wa kituo akasema iruke hivyo hivyo. Baba akalivisha bomba kipande cha bomba jingine, akakikaza kwa vibano viwili. Rubani alikuwa rafiki yake, Mnubi mwenzake wa Bombo, wamekula sahani moja tangu utotoni. Kabla ya kupanda alimwuliza, "Itashika?"

"Nikamwambia itashika," baba akasema. "Akapanda. Ndiyo mara ya mwisho."

Mwili haukuonekana. Siku zile miili mingi haikuonekana, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuulizia mmoja. Baba alijikatia hukumu mwenyewe, akajifunga mwenyewe, na Bombo akaifanya mji asioweza kuingia, kwa kuwa dada wa rubani alikuwa akiishi huko.

Nikamnunulia kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa na maharage, chakula pekee cha kijeshi kilichobaki Kampala. Alikula yote.

Tulifanya kazi karibu miezi mitatu. Mimi na mafundi wangu wawili tulitoa udongo, tukanyoosha mbavu, tukatengeneza mabawa mapya kwa mabati ya aluminiamu. Mheshimiwa alikuja kila wiki kutusaidia kwa mawazo. Wiki moja alitaka makombora marefu zaidi, kwa sababu haya tuliyoyaiga kwa bati "hayana adabu." Wiki nyingine alitaka taa za kumetameta kwenye mabawa. Kisha akaagiza namba ya simu ya hoteli iandikwe chini ya bawa la kulia, ili adui, nadhani, aweze kuweka nafasi ya chumba kabla ya kupigwa.

Kila alipokuja aliwasimulia wageni wake jinsi alivyoirusha mwenyewe. Siku ya kwanza nilimtazama baba. Alikuwa amekaza macho kwenye msumari wa ribiti aliokuwa akiung'oa.

"Baba, huyu alikuwa rubani?"

"Alikuwa karani wa stoo ya mafuta," akajibu. "Mwandiko wake ulikuwa safi sana."

Mwezi wa pili tulifika tumboni. Baba aliniambia nitoke, akaingia mwenyewe kwa mgongo, na miaka yake sabini na mitano, ameshika tochi kwa meno. Alikaa humo muda mrefu hata nikaanza kumwita. Alipotoka alikuwa na bomba mkononi, limekatwa pande zote mbili, na katikati yake kile kipande alichokivisha, na vibano vyake viwili. Vilikuwa vimeota kutu nje. Nilijaribu kukizungusha kipande kile kwa mikono miwili, na mikono yangu hunyoosha milango ya lori. Hakikucheza.

"Imeshika," nikasema.

Baba alikwenda kwenye injini, akamulika ndani, akaniita nitazame. Vijipanga vya mbele, vile vinavyovuta hewa kama feni, vilikuwa vimenyooka vyote.

"Injini ikianguka bado inazunguka, hivi vyote vinapinda upande mmoja," akasema. "Hii ilikwisha kuzimika juu. Na haikuungua. Na risasi haina. Tangi nalo zima." Akazima tochi. "Ilikauka. Ilitoka na mafuta nusu, au chini ya nusu."

"Na mafuta aliyagawa nani?"

Baba akatazama upande wa hoteli, ambako Mheshimiwa alikuwa akiwafokea mafundi wa vigae.

Damu ilinipanda. Nilishika nyundo, sijui kwa mpango gani. Baba akanishika mkono. "Kila mtu alikuwa anauza, binti yangu. Yeye mafuta, mwingine matairi, mwingine blanketi. Vita vilikwisha kabla ya sisi kuambiwa. Na mkononi sina ushahidi, nina tangi kavu. Kwanza kuna mtu anapaswa kuambiwa."

Ijumaa ile, baada ya swala, tulikwenda Bombo. Dada wa rubani, hajati mnene mwenye sauti ya sajini, alikuwa amekaa barazani akisuka kikapu cha rangi. Baba hakukubali kiti. Alisimama mbele yake kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake, akasema yote: bomba, vibano, swali la rafiki yake, jibu lake, miaka yote ya kujificha, na mwisho yale tuliyoyaona kwenye injini. Aliyasema kwa Kinubi. Hajati aliendelea kusuka.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, dada."

"Ndugu yangu alikufa miaka tisa iliyopita, Juba. Kwa sukari."

Baba akakitafuta kile kiti alichokikataa.

Rubani alitoka kinamasini na mbavu mbili zilizovunjika, hajati alieleza, akatembea na kudandia malori mpaka akavuka mpaka wa Sudan. Huko akauza vitambaa. Alioa wake wawili, akazaa watoto saba, akanenepa. "Alinenepa hata ndege yenyewe isingemkubali tena," hajati akasema. "Na kila alipoleta salamu aliuliza habari zako. Alisema, mwambieni fundi bomba lilishika, mafuta ndiyo yaliyokwisha. Tukakutafuta. Watu wakasema yuko mmoja Katwe anafua masufuria. Tukasema huyo siye, yule alikuwa mtu wa maana."

Baba alifunika uso kwa kofia yake. Mabega yalitikisika, na sikujua analia au anacheka; nadhani na yeye hakujua. Hajati alimwacha kidogo, kisha subira ikamwishia.

"Yaani umesusa harusi zetu zote kwa ajili ya bomba?" akafoka. "Mimi nimeoza mabinti wanne! Wanne! Nilikuwa nasema huyu mtu ametudharau!"

Alituwekea chakula. Baba alikula akikaripiwa, na sijawahi kumwona akila kwa furaha namna ile.

Kwa hiyo siku ya kufungua hoteli baba alikuwa mwepesi, na mtu mwepesi ni hatari. Ndege ilikuwa imesimama juu ya nguzo tatu za zege, inang'aa kwa rangi ya kijani, makombora yake yana adabu ya kutosha. Mheshimiwa alisimama chini ya namba yake ya simu akahutubia. Alisema alipoirusha mara ya mwisho alikuwa na hofu ya Mungu peke yake. Watu wakapiga makofi. Kisha akasema kuna mzee hapa, fundi wake wa zamani, atatoa ushahidi. Kipaza sauti kikasogezwa kwa baba, na mwandishi mmoja wa redio akauliza, "Mzee, Mheshimiwa alikuwaje kazini siku zile?"

Baba alifikiri. Mimi nilisoma aya zote ninazozijua.

"Alikuwa mwangalifu sana na mafuta," akasema. "Hakupenda yapotee hewani."

Makofi yakavuma. Watu waliona ni sifa, na baadhi yao walikuwa na magari ya serikali nje, hivyo iliwagusa. Mheshimiwa peke yake hakupiga makofi mara moja. Tabasamu lilimganda usoni, halafu akaanza kupiga polepole, akimtazama baba. Baadaye alikuja mezani kwetu na sahani ya nyama aliyoibeba mwenyewe, jambo ambalo walinzi wake walilishangaa.

"Mzee," akasema kwa sauti ya chini, "ule maneno ya mafuta..."

"Nilikusifu," baba akasema.

Mheshimiwa aliiweka nyama mezani. Alisimama kidogo kama mtu mwenye neno jingine, na kwa mara ya kwanza nilimwona ni mzee tu, rika la baba, viatu vinambana. Akaondoka. Nyama ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo.

Siku hizi baba huja karakanani kila asubuhi kunikosoa, na Ijumaa huenda Bombo kukaripiwa. Mwezi uliopita alinitaka nimsaidie kupata paspoti, anataka kwenda Juba kulizuru kaburi la rafiki yake na kuwaona wale watoto saba. Nikamwambia njia ni mbaya, siku nzima na zaidi kwenye basi, na mgongo wake ni ule ule ulioingia tumboni mwa ndege. Si apande ndege? Ni saa moja tu.

Alinitazama kwa huruma ya mtu aliyesomea jambo.

"Ndege siipandi," akasema. "Najua zinavyotengenezwa."

Tumekata tiketi za basi, viti vya mbele, Alhamisi.