Njia ya Wifi Kwenda Mwambani

Tulipohamia kijiji kipya, upande wa Issuna, wifi yangu aliingia kwa mkokoteni wa ng'ombe, amekaa juu ya magunia ya uwele, huku akimfokea mwendeshaji akwepe mashimo. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Alitembea kwa mikono na magoti, viganjani amevaa katambuga alizozikata mwenyewe kutoka tairi kuukuu, magotini amefunga vipande vya ngozi ya ng'ombe. Mimi nilikuwa nimeolewa na kaka yake punde tu, nasi tukawa tunaishi nyumba moja.

Nyuma ya kijiji kulikuwa na mlima mdogo, na kileleni mwamba mkubwa, bapa kama sakafu. Wanawake wote tulipeleka uwele wetu kuupura huko, kwa sababu haukuchanganyika na mchanga na upepo wa kupepetea haukukosekana. Sababu nyingine hatukuisema mbele ya wanaume: juu kule tulicheka tulivyotaka.

Wifi alibaki chini. Nikirudi jioni aliniuliza, "Leo mlikuwa mnacheka nini?" Namsimulia, lakini kichekesho kimekwisha kupoa. Siku moja nikamwambia, "Wifi, kesho nitakubeba."

"Unibebe kama gunia? Gunia linangoja kushushwa. Mimi nataka kupanda nikipenda na kushuka nikiwachoka."

Kesho yake alikwenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye koti moja la heshima.

"Shikamoo, balozi."

"Marahaba, binti yangu."

"Tumelima njia ya ghalani, tumelima njia ya shuleni. Ya kwenda mwambani tutalima lini?"

Balozi hakuwa mtu wa kusita. Siku ya kazi za kujitolea aliwaita wanaume, wakafyeka vichaka na kupanga mawe yawe ngazi, moja kwa moja hadi juu. Jua halijafika utosini, kazi imekwisha. Wakamwita wifi aje aone, nami nikamfuata. Aliitazama ile njia toka chini hadi juu.

"Asanteni. Lakini hii ni njia ya mbuzi."

"Hata hujaijaribu!" balozi akasema.

"Ijaribu wewe, baba. Kaa chini, usitumie miguu."

Watu wakaangua kicheko. Balozi akavua koti, akanikabidhi, akakaa. Akajivuta jiwe la kwanza, akajivuta la pili, kisha suruali ikanasa, ikachanika kwa mlio ambao kila mmoja aliusikia. Akabaki pale amejaa vumbi, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Ondoeni mawe haya! Binti, pita wewe mbele, sisi tutakufuata."

Basi wifi akatangulia. Hakuupanda mlima uso kwa uso, aliuzunguka kwa ubavu, polepole, nasi nyuma yake tukichomeka vijiti alipopita. Akifika penye mwinuko mkali anarudi, anatafuta upande mwingine. Alipokata pumzi alipiga ardhi kwa kiganja: "Hapa muweke pa kupumzikia, tena penye kivuli."

Kazi hiyo ilikula siku nyingi. Tuliokota changarawe zote, maana ndizo zilizomchubua magoti. Tukabeba udongo wa kichuguu, tukaumwagia maji na kuushindilia kama sakafu ya nyumba. Upande wa bondeni tukalaza magogo. Mzee mmoja akanung'unika, "Jasho lote hili kwa mtu mmoja?" Balozi akamjibu kwamba kama haamini, avue koti na yeye. Mzee akachukua jembe.

Siku ya kwanza kupanda mwambani, nilimfuata wifi na ungo kichwani. Aliniambia nikae mbali, nisimguse. Alipofika juu upepo ulimvua kitambaa, akakiacha kiende zake. Chini yetu zilionekana nyumba zote za tembe na ng'ombe wakienda malamboni kunywa maji.

"Kumbe nyumba yetu ni ndogo hivi!" akasema. Kisha akadai fimbo, akaanza kupura akiwa amekaa, na mdomo wake haukutulia hadi jua linazama. Kichekesho cha balozi na suruali alikisimulia vizuri kuliko sisi wengine tuliokiona.

Baada ya hapo hakuna aliyekumbuka njia ya zamani. Wajawazito walipita humo, bibi wenye mikongojo walipita humo, na jirani yetu asiyeona alipanda akigusa magogo kwa fimbo yake. Mvua zilipoichimba, wifi ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwatoa watu waje kuikarabati, na hakuna aliyethubutu kujificha.

Mwaka uliofuata walimchagua kwenye kamati ya kijiji. Kikao cha kwanza tu aliuliza kwa nini zahanati imejengewa ngazi mlangoni, wakati wanaokwenda huko ni wagonjwa. Kabla ya mavuno ngazi zilikuwa zimegeuzwa mteremko, nami nikaupanda na tumbo langu la mimba ya kwanza, wifi akiwa pembeni ananihimiza, "Twende, mama, twende!"