Meli ya Namegabe

Na itangazwe Cibitoke yote, hadi Gihosha kwenye vilima: swali lililowatoa jasho maprofesa, kama Wazungu walivuka bahari kwenda Amerika kuokoa roho za watu au kubeba dhahabu yao, limetatuliwa na Namegabe, mchora vibao, mtu aliyeisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza Jumatatu.

Namegabe alitoka Bukavu na brashi tatu. Miaka ishirini amechora saluni, gereji na maduka ya unga, na hakuna mwenye duka aliyemwachia nafasi ya jina lake hata pembeni. Kibao changu, husema, wewe ni mkono tu. Basi shule moja ya Gihosha ilipomwita tena, safari hii achore ukutani Wahispania wakitia nanga Amerika, hakuuliza mengi. Padri Pontien, mkuu wa shule, alimwahidi: picha ikikubalika, mchoraji ataitia jina lake mwenyewe. Ikikataliwa, chokaa.

Mwalimu wa historia, Caritas, alimsimulia kisa chote kwa nusu saa. Namegabe akaichora meli kama anavyochora kitu chochote chenye mwenyewe. Juu kwenye tanga, msalaba na maneno MUNGU NI MWEMA. Chini ubavuni: TUNANUNUA DHAHABU, FEDHA, TUMBAKU, JUMLA NA REJAREJA.

Ijumaa wakaja kukagua. Caritas alikuwa na kosa moja tu: hawakununua. Namegabe akafuta, akaandika TUNACHUKUA. Hapo Padri akawaka. Akasema wapo mapadri waliokwenda kwa imani ya kweli, tena wakawakemea wenzao kwa kuwatumikisha wenyeji. Meli hii imewageuza wote wachuuzi. Caritas akasema hilo halikatai, ila aliyelipia meli alitaka irudi imejaa, na si kwa sala. Padri akaagiza ndoo ya chokaa.

Namegabe alipoiona ndoo inakuja, alisimama mbele ya meli yake.

"Padri, mi sikutukana mutu," alisema. "Mi nilichora duka. Kila duka ya huku, Mungu anakaa juu, bidhaa inakaa chini. Hata mulango yako."

Wakageuka kutazama lango la shule, kazi ya Namegabe ya mwaka juzi. Juu, jina la mtakatifu. Chini yake, ada za muhula, na kwa rangi nyekundu: ASIYELIPA ASIINGIE.

Padri alilisoma kana kwamba limechipuka usiku wa kuamkia siku hiyo. Caritas akakohoa, kikohozi cha mtu mzima wa afya.

"Papa Joëlla," Padri akasema hatimaye, akimwita kwa jina la binti yake, "andika jina yako. Ndogo."

Akaliandika, wala si dogo sana. Caritas akafungua daftari, akamwomba neno moja la kuwapelekea wanafunzi: wakisimama mbele ya picha hii, wajifunze nini?

Namegabe alirudi nyuma hatua mbili, akaitazama meli.

"Wasiguse," akasema. "Rangi ingali mubichi."