Dawa ya Upara kwenye Ukurasa wa Msusi

Mimi ni fundi wa mageti, na naomba mnielewe mapema: sina subira na kitu kisichogongeka kwa nyundo. Mlango ukikwama, najua unakwamia wapi. Kufuli likigoma, nalifungua, nalisafisha, tunaelewana. Lakini hii mitandao ya kijamii, jamani! Mtu anaingia kwako bila kugusa kitasa, anazungumza na wageni wako kwa sauti yako, na ukitafuta alikopitia huoni kitu. Kwa ajili ya mambo hayo nilikaribia kumpoteza dada yangu aliyenilea, na hata leo nikisimulia kuna mahali nachanganyikiwa upya.

Tuanze na mke wangu. Wateja wake wanamwita Chanuo, na hilo jina limemkaa kuliko la kwao. Ni msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, karakana yangu iko uani, jikoni iko katikati, kwa hiyo chakula chetu kina harufu ya mafuta ya nywele upande mmoja na ya chuma kilichoungua upande wa pili. Ana kiti kimoja cha kuzunguka, viti vya plastiki vya kungojea, na kioo kikubwa chenye kirafu cha simu. Mkono wake ni mwepesi, mtoto anasukwa huku amelala. Mdomo wake ndio si mwepesi. Akikasirika, mimi huenda uani nikachomelee kitu ambacho hakijavunjika.

Dada yangu ni wa namna nyingine kabisa. Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenipikia, akanifulia, akanichapa pale nilipostahili. Alipofiwa na mumewe nikamwambia, "Dada, njoo tukae wote." Watu wakacheka. Wifi na wifi jikoni moja? Wakangoja vyungu viruke. Wakangoja wee, mpaka wakachoka. Wale wawili walipatana mpaka nikawa mimi ndiye mgeni nyumbani kwangu.

Kazi waliigawana hivi. Mikono ya Chanuo kutwa iko ndani ya mafuta na rasta, hawezi kushika simu. Basi kichwa kikikamilika, dada anachukua simu yake pale kirafuni, anampiga picha mteja, ya kisogoni na ya ubavuni, anaiweka kwenye ukurasa wa saluni na kujibu wanaouliza. Neno la siri alilijua, lilikuwa majina ya mapacha wetu. Ana jicho la picha, dada yangu. Kwa picha zake tukaanza kupata wateja wa mitaa ambayo hata sijawahi kufika.

Asubuhi moja nasikia kelele kutoka mbele. Nikaenda mbio na miwani ya kuchomelea usoni, nikidhani jiko limelipuka. Chanuo ameshika simu kwa vidole viwili kama ameokota mjusi.

"Baba Pacha, soma hapa!"

Nikasoma. Ukurasa wa saluni, jina la saluni, picha ya saluni. Chini yake pameandikwa: "Nywele zako zinakatika? Kichwa kimebaki kama yai? Nilitumia dawa hii ya upara, imenisaidia. Bonyeza hapa!"

Sasa fikiria. Msusi anatangaza dawa ya upara! Ni sawa na muuza maziwa atangaze dawa ya kuhara. Wateja hawakuchelewa. Mmoja akaandika, "Kumbe unatung'oa halafu unatuuzia dawa?" Mwingine akaweka vikaragosi vya kucheka tupu. Bibi harusi aliyekuwa aje na wasimamizi wake akatuma ujumbe kwamba mama yake amemkataza.

Chanuo akafuta lile tangazo, akabadilisha neno la siri. Mimi nikasifu. Kitasa kimebadilishwa, mwizi akalale. Kesho yake tangazo likarudi, tena na picha ya mzee mwenye kipara kinachong'aa. Akabadilisha tena. Likarudi. Akaweka neno refu lenye namba na alama ambalo yeye mwenyewe alilisahau mpaka tukahangaika kulirudisha. Likarudi! Mimi kichwa kikaanza kuniuma. Ukibadilisha kufuli na mtu bado anaingia, basi ana ufunguo. Na nani mwingine alikuwa anaambiwa neno la siri kila likibadilishwa, ili apige picha na kuposti?

Sikulisema hilo. Naapa sikulisema. Lakini Chanuo alishalifikia peke yake.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema siku hiyo, anasuka huku hamtazami mtu. Saluni ilikuwa na watu. "Wifi, hao wauza dawa wanakupa nini?"

Dada alikuwa anakunja taulo. "Wauza dawa gani, wifi?"

"Usinifanye mtoto. Neno la siri tunalijua wawili. Mimi mikono yangu iko hapa kichwani kwa watu. Yako iko wapi?"

"Iko kwenye taulo zako," dada akajibu. "Wifi, mimi sijui hata dawa yenyewe inanywewa au inapakwa."

"Muongo!"

Lo! Neno hilo kwa dada yangu! Wateja wakajifanya wanatazama kucha zao. Dada akaweka taulo, akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Mimi ningesema nini? Nikimtetea naambiwa damu nzito kuliko maji. Na ukweli ni kwamba sikuwa naelewa kitu, si mbele si nyuma. Nikasema, "Jamani, tuongee polepole," maneno ya kijinga kabisa. Dada akaingia chumbani, akafunga mzigo wake, akaenda kwa binti wa mama yetu mdogo anayekaa karibu na soko.

Na mke wangu, hasira hasara, hakuishia hapo. Akanawa mikono, akaketi, akaandika mwenyewe kwenye ukurasa: "Wateja wangu wapenzi, aliyeniharibia jina amejulikana. Ni wifi yangu niliyemkaribisha kwangu. Ndiye aliyekuwa anaposti dawa za upara. Mkimwona, fungeni milango." Akaweka na picha yake. Watu wakajaa kumpa pole, na hao hao waliocheka wakawa wa kwanza. "Pole mpenzi, mawifi ndio walivyo."

Neno la siri likabadilishwa kwa mara ya mwisho, akilijua yeye tu, hata mimi mume nikanyimwa. Mapacha wakauliza shangazi atarudi lini, nikawaambia waulize mama yao, na mama yao akawaambia waniulize mimi.

Halafu tangazo likarudi.

Chanuo akakaa kwenye kile kiti cha kuzunguka, akashika tama. "Amekwenda kwa mganga," akasema. "Si bure."

"Mganga wa upara?" nikauliza.

"Usinichekeshe, sina hali."

Nikamwambia anipe simu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikabonyeza huku na huku kama mtu anayetafuta swichi gizani, nikafika mahali panapoonyesha simu zilizoingia kwenye akaunti. Nilitegemea kuona mbili. Nikaona moja, hii hii niliyoishika mkononi. Hapo ndipo nilipopotea kabisa. Hakuna aliyeingia! Dada hayumo, jirani hayumo, jini hayumo. Nani basi anaposti? Nikamtazama mke wangu, nikawaza labda anaamka usingizini. Naye akawa ananitazama mimi vilevile.

Aliyetutoa huko ni mteja, mwalimu wa kwaya, mama mwenye umbo kubwa na sauti ya kujaza chumba. Kesho yake, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, akasikia malumbano yetu, akaangua kicheko.

"Hata sisi! Ukurasa wa kwaya ulianza kutangaza kamari. Mchungaji nusura azirai. Chanuo, wewe uliwahi kuunganisha programu gani na hii akaunti?"

"Sijaunganisha kitu."

"Hukuwahi kubonyeza mahali panaposema 'Endelea kwa akaunti yako', halafu 'Ruhusu'?"

Chanuo akaacha kusuka. Halafu akasema, kwa sauti ndogo ambayo siijui, "Kulikuwa na ile ya kioo. Unaweka picha ya mteja, inamwonyesha akisukwa mtindo huu atakuwaje. Lakini ile niliifuta zamani, haikuwa na maana."

"Uliifuta kwenye simu. Ruhusa uliifuta?"

"Ruhusa inafutwaje?"

Mwalimu akaomba simu. Akatuonyesha sehemu ya mipangilio ambayo mimi niliipita bila kuiona: programu na tovuti zilizounganishwa. Na ile ya kioo imo, imekaa raha mustarehe. Akaigusa, ikafunguka orodha ya mambo iliyoruhusiwa: kuona jina na picha zako, kusoma ujumbe wako, kuchapisha kwa niaba yako.

"Kwa niaba yangu?" Chanuo akauliza.

"Ndivyo ulivyoiruhusu. Kioo cha nywele kinataka kuchapisha kwa niaba yako cha nini? Kingeomba picha, sawa. Hapo ndipo pa kusoma kabla ya kubonyeza. Kinachoombwa kikizidi kazi yenyewe, achana nacho."

"Lakini nimebadilisha neno la siri mpaka vidole vinauma!"

"Haipiti huko, mama. Wewe umebadilisha ufunguo wa mlango wa mbele. Huyu ulishamkaribisha, ukamwonyesha chumba, ukasahau kwamba yumo." Akanigeukia. "Fundi, wewe si ndiye wa mageti? Geti linamzuia aliye ndani?"

Akabonyeza "Ondoa", akathibitisha. Akatuondolea na mchezo wa kukisia "utafanana na nani uzeeni", ambao Chanuo aliapa haujui, halafu akakumbuka. Jambo lililotutesa vile liliisha kabla mwalimu hajamaliza chai yake. Matangazo hayakurudi tena.

Chanuo hakufurahi. Alisuka ile nusu iliyobaki. Mteja alipoondoka, akafagia nywele za sakafuni, akafagia tena mahali alipokwisha kufagia, halafu akaketi akalia. "Nimemfukuza mtu, Baba Pacha. Nimemwita muongo mbele ya watu, na mimi ndiye niliyefungua."

Akafuta lile andiko lake. Akaandika jingine, refu, zuri, la kutoka moyoni: kwamba wifi yake hana hatia, kosa ni lake mwenyewe, aliruhusu programu bila kusoma, anamwomba radhi wifi na wateja. Tukakaa tukingoja.

Wa kwanza kujibu akaandika, "Jamani msibonyeze! Akaunti ya Chanuo imevamiwa tena." Wa pili, "Leo inamsifia wifi! Hawa matapeli wana akili." Wa tatu, "Chanuo mwenyewe hawezi kuandika hivi. Pole mpenzi, badilisha neno la siri." Chanuo akajibu, "Ni mimi kweli." Wakamwambia ndivyo matapeli wote wanavyosema.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Uongo alioandika kuhusu dada yangu waliumeza wote bila maji, hakuna aliyeuliza kama kweli ni yeye. Ukweli ndio waliokuja kuukagua.

Akavua aproni. "Twende," akasema.

Dada alikuwa amepata kazi ya kuosha watu nywele kwenye saluni ya sokoni, kubwa kuliko yetu, viti vimepangwa ukutani na wanawake wamejaa, draya ya kukaushia nywele inanguruma kona ya mwisho. Wengi walitujua. Tulipoingia, mazungumzo yakakatika. Dada alikuwa kwenye sinki, mikono ina povu, kichwa cha mtu mbele yake. Alituona, akaendelea kuosha.

"Wifi," Chanuo akaanza, anamnyooshea simu. "Nimeandika. Soma, nimeandika kila kitu."

Dada akafuta mikono, akachukua simu, akasoma yote taratibu. Akasoma na maoni. Nikaona midomo yake inacheza kidogo pale kwenye matapeli wana akili. Akairudisha.

"Zile za dawa ziliandikwa na programu," akasema. "Nimeelewa. Na ile yenye picha yangu, fungeni milango, iliandikwa na nani?"

Mke wangu, mwenye maneno ya kugawia mtaa, akatoa moja tu.

"Mimi," akasema.

"Binti wa mama mdogo, ninakokaa, amefuatwa na mwenye nyumba wake," dada akasema. "Ameulizwa kwa nini anakaa na mwizi. Dukani nikiingia, mwenye duka anaondoa simu yake juu ya meza. Sasa wewe unanipa simu nisome."

Chanuo akaitia simu mfukoni. Akageuka, akawatazama wale wanawake kwenye viti, mmoja mmoja. Akasema kwa ile sauti yake yote, ile inayonikimbiza uani, kwamba yeye ndiye Chanuo mwenyewe, si programu, si tapeli. Kwamba huyu wifi yake hakuiba kitu, hakuposti kitu, hakumsaliti mtu. Kwamba aliyewaambia watu wafunge milango ni yeye, na alisema uongo. Sauti ikamkatika katikati, akaimalizia hivyo hivyo. Mimi machozi yalinitoka, na sioni haya kusema.

Dada alisimama kando ya sinki. Akaonyesha kwa kidevu kule kona ya mwisho.

"Yule aliye kwenye draya hajasikia," akasema. "Rudia."